Daftari la Makosa

Kengele ya jikoni ni kuku wa plastiki.
Baba humzungusha shingo hadi thelathini na tano,
humweka kando ya chupa ya dawa ya kikohozi,
kisha husema, "Haya, Aili,"
kama mtu anayeruhusu treni.
Miaka thelathini na mmoja aliziruhusu treni za mawe ya chuma,
kibanda chake hatua hamsini kutoka kwenye kinu.
Sasa ananiruhusu mimi.

Nje, Minnesota imefungwa kwa theluji.
Nimetoka zamu saa kumi na mbili asubuhi;
usiku kucha nimeshika redio nikiwaambia wasukuma theluji
barabara ipi ianze, ipi ingoje.
Macho yamejaa mchanga. Swali la kwanza:
Kila dereva aliyelewa huchelewa.
Toivo amechelewa.
Nami, kwa kuwa namjua Toivo mmoja,
nikajibu: amelewa.

Kosa.

Mwezi wa kwanza nilisoma kama mtu anayebugia maji.
Maswali mia kwa siku. Niliyopata niliyatia rangi ya kijani,
nikaifurahia kijani.
Alama zikabaki palepale,
gari linalozungusha magurudumu juu ya barafu:
kelele, moshi, na mti uleule dirishani.

Ndipo nikanunua daftari la senti tisini
nikaanza kuandika makosa matupu.
Si jibu lililo sawa, hilo limeshafika kwake.
Niliandika kwa nini lile baya lilinipendeza.
"Lilikuwa refu."
"Nilisoma baadhi, nikasikia wote."
"Nilikuwa na njaa."
"Toivo."

Siku hizi ni maswali kumi, basi.
Nalizunguka kila moja kama mnunuzi wa gari kuukuu:
nainama, nagonga bati, natafuta lilipoficha kutu.
Neno "isipokuwa" lilinila wiki mbili.
Baba alilielewa siku hiyohiyo, kijiko mkononi:
"Treni haipiti isipokuwa taa iwe kijani.
Lakini kijani si ahadi kwamba itapita.
Huenda kulungu kasimama relini."
Nikayaandika, nikatia tarehe.

Jumamosi sisomi. Jumamosi ni sauna,
na Bibi Vukelich wa jirani huleta mkate wa jozi,
huniuliza tena nina umri gani.
Arobaini na mmoja, namwambia.
Anahesabu kwa vidole mwaka nitakaokuwa wakili,
ananikatia kipande kingine, kikubwa zaidi.

Juzi, nikitafuta bili ya umeme drooni,
niliikuta barua ya kampuni.
Hakuna ushahidi kwamba vumbi lilidhuru mapafu ya mdai.
Kwa hiyo mapafu ya mdai hayakudhuriwa na vumbi.
Miaka sita iliyopita tuliisoma mara tatu,
tukajiona wajinga,
Baba akaikunja taratibu kama cheti.
Safari hii penseli ilikuwa mkononi kabla sijaitafuta.
Niliisoma nimesimama, kama swali la kumi na saba.
Kutoona si kutokuwepo.
Aliyefumba macho hawezi kuapa
kwamba chumba ni kitupu.

Sijamwambia. Mtihani ni tarehe nane,
na kulijua kosa la mtu si kushinda kesi;
hilo nalo nimeliandika, ukurasa wa arobaini, kwa wino.
Barua yenyewe nimeinakili chini yake, neno kwa neno,
kosa la kwanza humo lisilo langu.

Asubuhi hii anakohoa, anafuta mdomo,
anamshika kuku shingo.
"Thelathini na tano?"
"Thelathini na tano."
"Haya, Aili."
Nageuza karatasi.